Programu Tatu na Uso wa Bibi Lusungu

Jumatano, 2 Aprili

Kosa ambalo watu wengi hulifanya ni kudhani kwamba faili ghafi ni picha. Si picha, ni hesabu. Ndani ya kamera kuna mamilioni ya vichembe vya kupokea mwanga, na kila kimoja kimevishwa kioo chekundu, cha kijani au cha buluu. Faili ghafi ni orodha tu ya kila kichembe kilipokea mwanga kiasi gani. Anayeigeuza orodha hiyo kuwa uso wa mtu ni programu ya kompyuta, na kila programu hukisia kwa namna yake. Mtu akikuambia, "Nimeifungua picha kama ilivyo," mwambie hakuna "ilivyo".

Haya nimeyaeleza leo mara nne. Mara mbili kwa Masuma, mwenye studio hii ya Sinza ambako nafanya kazi siku chache kwa wiki tangu nilipostaafu kufundisha fizikia. Mara mbili kwa kaka yake, Danish, ambaye alinisikiliza huku akitazama simu.

Masuma amechoka. Wafanyakazi wake watatu hutumia programu tatu, na albamu moja ya harusi hutoka na bibi harusi watatu. Anataka programu moja kabla masika hayajaisha na sherehe kurudi. Amenipa daftari hili.

"Mwalimu, linganisha, uwe unaandika kila siku ulichokiona," alisema. "Ila usiniandikie kitabu."

Nimezipa majina ili nisichanganyikiwe. Ile iliyokuja pamoja na kamera naiita Kiwanda. Ile ya kulipia kila mwezi naiita Mlipiwa. Ile waliyoitengeneza watu wa kujitolea naiita Bure.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Umeme haukuwepo. Sikulinganisha kitu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Umeme ulikuwepo, lakini Mlipiwa ilikataa kufunguka mpaka ipate mtandao ithibitishe kwamba mimi ni mimi. Mtandao ulikuwa umekwenda na mvua. Danish anasema hiyo ndiyo programu ya watu makini.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilimsimamisha Masuma mlangoni na rida yake, vazi refu la Kibohora, ya kijani cha ndizi mbichi, nikampiga picha moja, kisha nikaifungua katika programu zote tatu bila kugusa chochote. Kiwanda ikatoa kijani cha ndizi. Mlipiwa ikatoa kijani cha embe lililoanza kuiva, na uso wa Masuma ukang'aa kana kwamba amepakwa mafuta. Bure ikatoa kijani cha jeshi na uso wa mtu aliyeamka na homa.

"Hiyo ya katikati," alisema Masuma papo hapo.

"Rida yako ni rangi gani?"

"Ya ndizi."

"Basi kwa nini unachagua ya katikati?"

"Nimependeza, Mwalimu."

Hapo ndipo tatizo la kazi hii lilipo. Ukimuuliza mtu programu ipi inasema kweli, anakujibu ipi imempendeza.

Jumanne, 8 Aprili

Leo niandike kirefu, Masuma anisamehe.

Saa nne aliingia binti aliyelowa mpaka kiunoni, viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Anaitwa Avelina, muuguzi, kwao Temeke. Tulipiga picha za sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, tarehe mosi Machi; Masuma kamera ya kwanza, mimi ya pili. Aliniamkia, akakataa kiti asije akakilowesha, akaeleza haja yake akiwa amesimama.

Bibi yake mzaa mama, Lusungu, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Alifariki tarehe ishirini na nne Machi. Kwenye mazishi hawakuwa na picha yake, kwa sababu Bibi alikuwa hapendi kupigwa. Akiona kamera alijifunika upande wa kitenge. Kwa hiyo waliichukua picha ya kitambulisho, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, wakaipeleka mahali ikakuzwa ikawa kubwa kama mlango.

"Ilikuwa ya kijivu, babu. Macho hayaonekani," alisema Avelina. "Mama mmoja ambaye tumeishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tano akaniinamia sikioni, akaniuliza, huyo kwenye picha ni nani. Kwenye msiba wa bibi."

Arobaini ni Jumamosi tarehe tatu Mei. Baada ya hapo nguo za Bibi zitagawanywa, nyumba itarudishwa kwa mwenyewe, na Avelina atamfuata mumewe Mwanza. Anataka picha moja ambayo mtu akiitazama atamjua bibi yake. Hana nyingine mahali popote. Kama imo, imo kwenye kompyuta yetu.

Nilitafuta. Katika mafaili elfu moja na mia moja, Bibi Lusungu yumo kwenye kumi. Katika yote kumi ni wa rangi ya zambarau.

Si kosa la mtu. Ukumbi ulikuwa na zile taa za kubadilika rangi, na jirani na meza ya wazee walikuwa wameiweka ya zambarau isiyobadilika. Masuma alipoziona alisema, "Si tutazirekebisha, ni ghafi." Hilo nalo ni kosa la wengi. Taa ile hutoa buluu nyingi na wekundu kidogo, kijani hakuna kabisa. Vichembe vya buluu vilijaa mpaka vikafurika, vya kijani vilikaa vitupu. Rangi ya ngozi ya mtu ambayo haikuingia kwenye kamera hakuna programu itakayoitoa huko.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia aje Alhamisi ya wiki ijayo.

Jumatano, 9 Aprili

Mafaili kumi, programu tatu, majaribio thelathini. Kiwanda imetoa bibi wa zambarau. Mlipiwa imetoa bibi wa waridi. Bure ina vidude vya kusogeza zaidi ya mia, nimevisogeza vyote, nikapata bibi wa rangi ya saruji.

"Mzee, mgeuze nyeusi na nyeupe, mambo yaishe," alisema Danish akipita.

"Wa kijivu wanaye tayari."

"Huyo wa kwetu atakuwa kijivu ya kisasa."

Nilivua miwani nikaifuta. Ina ukungu, kama lenzi zote humu ndani.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Hakuna jipya.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimegundua jambo. Kamera huandika namba kwa mfuatano, hairuki. Kwenye folda yangu kuna faili 612, halafu 614. Mia sita na kumi na tatu haimo.

Nilikaa nikakumbuka. Ilikuwa kwenye saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, wageni hawajafika, ukumbini kuna kamati na wazee tu. Umeme ulikatika. Zilipita kama sekunde ishirini kabla ya jenereta kuwaka, na katika sekunde hizo nilibonyeza mara moja, kwa mazoea, kuelekea meza ya wazee. Milango ya pembeni ilikuwa wazi na nje kulikuwa bado na mwanga wa jua. Kwa hiyo faili hilo halina zambarau.

Nilimuuliza Masuma liko wapi.

"Lilikuwa jeusi tii," alisema. "Meusi yote natupia kwenye folda ya Takataka."

"Takataka iko wapi?"

"Mwalimu, mie ile nimeimwaga Ijumaa ya wiki jana. Kompyuta ilikuwa imejaa."

Nimefundisha miaka thelathini na nane bila kumfokea mwanafunzi. Leo nilitoka nje nikasimama barazani nikitazama maji yanavyopita mtaroni, mpaka niliporidhika kwamba nikirudi nitaongea kama mtu mzima.

Jumatatu, 14 Aprili

Danish kaja na diski ya pembeni aliyoizungushia taulo ndani ya mifuko miwili. Kumbe ana tabia ya kunakili kila kitu kinachotoka kwenye kamera kabla dada yake hajakigusa. Hajawahi kumwambia mtu.

"Pamoja na takataka?" niliuliza.

"Mzee, mie namjua Masuma tangu anazaliwa. Takataka ndo nanakili kwanza."

Kwa wiki mbili nimemwandika humu kama mtu asiyesikia anachoambiwa. Namwomba radhi kwa maandishi. 613 limo.

Jumanne, 15 Aprili

Nililifungua. Jeusi. Masuma alisimama nyuma yangu amekunja mikono.

Nilipandisha mwanga hatua moja, maana yake mara mbili. Jeusi. Hatua ya pili, mara nne: kikatokea kitu cheupe juu, kilemba. Hatua ya tatu: mashavu. Hatua ya nne, na pale alikuwepo Bibi Lusungu, ameegemea nyuma kwenye kiti, kitenge hakijafika usoni, anacheka. Si tabasamu. Meno, macho yamefungwa nusu, mkono mmoja hewani. Mtu anayejua kwamba kuna giza na hakuna anayemwona.

Masuma alivuta kiti akakaa. Hakusema neno juu ya folda yake, na mimi sikumkumbusha.

Sasa ulinganisho, maana hapa ndipo programu zinapotofautiana kwelikweli. Kiwanda ilifika hatua tatu ikakata tamaa. Kilichobaki ni chenga tupu, kama televisheni ya zamani isiyoshika masafa. Mlipiwa ilifika hatua nne na chenga ikazifuta zote, lakini ilifuta na makunyanzi. Ikamwachia bibi wa miaka themanini ngozi ya mtungi. Bure iliacha chenga kiasi na kila mstari wa uso ukabaki mahali pake, ila kivulini ikatia wekundu ambao haukuwepo.

Na rangi? Gauni lake la sare, Kiwanda inasema ni la chokoleti, Mlipiwa inasema ni jekundu, Bure inasema linaelekea zambarau. Uso nao ni wa watu watatu tofauti.

Alhamisi, 17 Aprili

Avelina amekuja na mjomba wake, Benson, mtoto wa kwanza wa Bibi Lusungu na mwenyekiti wa kamati ya ile sendofu. Mtu mrefu, shati limepigwa pasi hata kwenye mvua hii, anafanya kazi Mbeya na anakuja Dar kwa ndege. Nilizionyesha zote tatu.

Avelina alipoona kicheko kile alishika ukingo wa meza. Benson alisogea akatazama kwa muda.

"Mama ni huyo," alisema. "Lakini mzee wangu, mbona mmemfanya mweusi?"

"Sijamfanya chochote bado. Ndiyo maana nimewaita."

"Mama alikuwa maji ya kunde."

"Mjomba, Bibi alikuwa mweusi," alisema Avelina.

"Maji ya kunde. Waulize kwetu, Tukuyu nzima."

"Mimi nilikuwa namwogesha, mjomba."

"Na mimi alinizaa. Sasa nani anamjua zaidi hapa?"

Waliendelea hivyo nusu saa. Avelina alichagua ya Bure, Benson ya Mlipiwa, na kila mmoja akanigeukia mimi niamue, kana kwamba nilikuwa nakula nao. Niliwaeleza kwamba programu haijui Bibi Lusungu alikuwa na rangi gani. Kila moja imewekewa mazoea na walioitengeneza, watu ambao hawajawahi kufika Temeke. Benson alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Sawa, mzee. Basi weka maji ya kunde."

Nawajua watu wa aina yake. Kwenye biashara hii kila siku yuko mtu anayetaka marehemu ang'arishwe, bi harusi ang'arishwe, mtoto wa miezi mitatu ang'arishwe. Nilimwonea huruma Avelina, na moyoni niliamua ya kwake ndiyo itakayotoka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Kanisani nilimtazama kila bibi rangi ya mashavu yake mpaka mmoja akaniuliza kama tunafahamiana.

Jumanne, 22 Aprili

Nimepata dawa, na naona haya kwamba sikuifikiria mapema.

Kila programu ina kidude chenye umbo la bomba la kudondoshea dawa. Unaligusisha mahali ambapo unajua ni peupe, kisha programu inarekebisha rangi zote nyingine kufuatana na weupe ule. Bibi Lusungu alikuwa amevaa kilemba cheupe. Nikaligusisha hapo, programu zote tatu, moja baada ya nyingine.

Zote tatu zikakubaliana. Gauni jekundu lenye joto, uso maji ya kunde. Kumbe Benson alikuwa sahihi, nami nimekuwa nikimfikiria vibaya bure. Fizikia haipendelei mtu. Niliwatumia wote wawili kwa simu.

Benson alijibu kwa ujumbe wa sauti dakika hiyohiyo: "Mungu akubariki, mzee wangu. Huyo ndiye mama." Avelina hakujibu.

Jumatano, 23 Aprili

Avelina hajajibu. Barabara ya kwao imejaa maji. Nasubiri.

Alhamisi, 24 Aprili

Alikuja mwenyewe, ameomba ruhusa kazini.

"Babu, samahani. Si yeye. Amekuwa kama amepakwa manjano."

Nilimketisha, nikachora kwenye karatasi. Nikamweleza mwanga, weupe, uwiano wa rangi tatu. Nikamweleza kwamba kumbukumbu ya mtu ni dhaifu, hasa mwenye majonzi, na kwamba kilemba hakina majonzi. Kilemba ni cheupe, basi. Nilieleza vizuri. Nadhani ilikuwa mojawapo ya masomo yangu bora.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa.

"Lakini babu, kile kilemba kilisuuzwa na buluu."

Niliiweka kalamu chini.

"Bibi alikuwa hasuuzi cheupe bila buluu. Kile cha sendofu alikitia mara mbili, nikamwambia Bibi umezidisha, akasema acha kiwake."

Mama yangu Bukoba alifanya vilevile. Shuka zetu zote, kanzu za baba, sare zangu za shule. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa na kile kipakiti kidogo cha unga wa buluu dirishani jikoni. Buluu haifanyi nguo kuwa nyeupe. Huitia rangi ya buluu kidogo, na jicho linadanganyika kuona weupe zaidi. Jicho tu. Programu haidanganyiki, inatii. Niliiambia kwamba kile cha buluu ni cheupe, nayo ikaondoa buluu picha nzima, na ukiiondoa buluu kinachobaki ni manjano. Programu zote tatu zilikubaliana kwa sababu zote tatu ziliamini uongo uleule, na mwongo alikuwa mimi.

Vitabu vyote nilivyosoma vinasema tafuta kitu cheupe kwenye picha. Waliovitunga hawakuwa na mama aliyefua kwa buluu. Mimi nilikuwa naye.

Nilimwomba Avelina msamaha. Alisema hamna shida, kisha akauliza, "Zimebaki siku ngapi?" ingawa anazijua kuliko mimi. Zimebaki tisa.

Ijumaa, 25 Aprili

Ninachohitaji ni kitu kimoja kwenye picha ambacho rangi yake ya kweli ninaweza kuishika mkononi. Meza imefunikwa. Viti vimefunikwa, vyote kwa vitambaa vya kukodi. Kilemba kimefuliwa tangu siku ile, buluu yake si ileile. Linabaki gauni la sare.

Kamati ilitangaza rangi ni damu ya mzee. Nimewauliza watu watano leo damu ya mzee ni rangi gani. Masuma kasema ni ya zabibu. Danish kasema ya mchuzi wa nyama uliokaukia. Mteja mmoja kasema ni nyekundu iliyokasirika. Wengine wawili wamegombana.

Gauni lenyewe halipo. Bibi amezikwa nalo. Shangazi zake Avelina wanayo ya kitambaa kilekile, lakini yameshafuliwa na kuanikwa juani. Avelina anasema zote zilishonwa kwa fundi mmoja, Hamisa, Mwananyamala. Nitaenda Jumatatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Fundi Hamisa anashonea kibarazani kwake. Leo alikuwa amezihamishia mashine zote mbili sebuleni kwa sababu ya mvua, na mimi nikakaa katikati ya kitanda cha mtoto na furushi la mapazia.

"Vipande? Babu, vipande vya mwezi wa pili?" alisema. "Vimeshakuwa mito. Vingine nimefutia mafuta ya mashine. Shilingi ngapi imekuleta huku na mvua yote hii?"

"Si shilingi. Ni picha ya marehemu."

Akaacha kukanyaga mashine. "Marehemu nani?"

"Bibi Lusungu wa Temeke. Bibi yake Avelina."

"Yule bibi kafa? Yule alinigombeza mie. Mikono nimeibana. Kasema, wewe mtoto, unadhani sitanyanyua mkono tena mpaka nife?"

Akainuka, akatoa juu ya kabati daftari lake la vipimo. Fundi huyu, kila anapoandika vipimo vya mtu, hubandika kwa pini pembe ya kitambaa chake pembeni mwa ukurasa ili asichanganye nguo za watu. Alifunua kurasa akilamba kidole. *Bibi mzaa mama. Kifua 44. Mkono ulegezwe.* Na pembeni, kipande cha upana wa vidole viwili, hakijaonja maji wala jua.

"Chukua na ukurasa wake," alisema. "Vipimo vyake nitamshonea nani tena."

Jumanne, 29 Aprili

Mvua ilipumzika kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Nilikiweka kipande mlangoni, kwenye mwanga usio na jua kali, pembeni yake kadi ya kijivu ya kupimia rangi, ya dukani, ambayo haijawahi kufuliwa na mtu. Nikapiga ghafi. Nikaipata damu ya mzee ya kweli, kwa tarakimu. Kisha nikarudi kwenye 613, nikasogeza rangi mpaka gauni la Bibi Lusungu lilingane na kipande kile. Usoni sikugusa. Niliufunika kwa kipande cha karatasi juu ya skrini ili macho yangu yasiingilie.

Nilipoitoa karatasi, hakuwa wa Benson, hakuwa wa Avelina. Uso na mikono ni vyeusi, weusi wenye kijivu kidogo chini ya macho. Lakini pale mkono ulipoinuka na sare kurudi nyuma, juu ya kiwiko na chini ya shingo, ni maji ya kunde safi.

Nilirudia kwenye programu zote tatu. Zikilazimishwa kulifuata gauni, tofauti zao karibu ziishe. Wiki nne nimekuwa nikilinganisha mazoea ya programu nikidhani nalinganisha programu. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejirudisha darasa.

Nimemaliza na Bure, kwa ajili ya makunyanzi.

Jumatano, 30 Aprili

Walikuja wote wawili. Sikueleza chochote. Niliwasha skrini nikasogea pembeni.

Avelina alisema, "Huyo." Neno hilo tu.

Benson aliinama mpaka pua yake ikawa karibu na kioo. Alikuwa haangalii uso. Alikuwa anaangalia chini ya shingo.

"Hapa," alisema. "Rangi yake ni hii."

"Ndiyo ilikuwa, mjomba," Avelina alimwambia taratibu. "Ugonjwa ndio uliobadilisha. Alipoanza kusafishwa damu kwa sababu ya figo, ngozi ikawa inaungua kama hivyo. Mwaka juzi."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulikuwa unampigia jioni. Kwenye simu sauti haina rangi."

Benson alikaa kwenye kiti cha Masuma. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo wiki mbili zilizopita nilikuwa na hakika nalijua. Hakuwa anataka mama yake ang'arishwe. Alikuwa akimtetea mama aliyemkumbuka. Mara ya mwisho kukaa naye mchana ilikuwa kabla ya ugonjwa. Mwaka huu alimwona akiwa hai ukumbini tu, chini ya taa ya zambarau.

"Na alikuwa anacheka nini?" aliuliza. "Mama hachekagi hivi."

"Anakucheka wewe," alisema Avelina.

"Mie?"

"Ulikuwa umeshika maiki, unawajaribishia. Ukasema, kamati yangu imejipanga, hakuna kitu kitakachokwama leo. Umeme ukakatika hapohapo. Bibi alicheka mpaka wakamshika, akaja kunisimulia usiku uleule."

Benson alitazama skrini. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua ni kilio au kicheko. Nadhani naye hakujua. Masuma alimletea maji. Niliuliza, kwa sababu ni wajibu wangu kuuliza, kama angependa nipandishe mwanga kidogo usoni.

"Acha hivyohivyo, mzee wangu," alisema.

Ijumaa, 2 Mei

Imechapwa kwenye kanvasi. Nimeikagua mchana mlangoni, kipande cha Hamisa mkononi. Sawa.

Jumamosi, 3 Mei

Arobaini, Temeke. Mvua nyepesi, turubai la wageni lilivuja upande mmoja. Picha ilitundikwa ukutani sebuleni. Wazee watatu wa kike waliotoka Tukuyu walisimama mbele yake na sahani zao za pilau, wakabishana Lusungu alikuwa anamcheka nani. Mmoja alisema ni marehemu mumewe, mwingine akasema mchungaji, wa tatu akasema nyie hamkumjua, alikuwa anajicheka mwenyewe. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Nguo ziligawanywa alasiri. Avelina alichukua kile kilemba.

Jumatatu, 5 Mei

Masuma anataka jibu lake, na ni haki yake. Kiwanda tuiache. Studio itumie Mlipiwa, kwa sababu wafanyakazi watatu wanaweza kupewa mpangilio mmoja na bibi harusi akabaki mmoja. Danish, aliyeisifu tangu mwanzo, ameshinda na nimemwambia. Bure nibakie nayo mimi, kwa picha za giza na nyuso zenye umri.

Ameomba pia niandike ushauri mmoja wa kubandika ukutani kwa wateja na wafanyakazi, usizidi sentensi moja. Nimeandika kumi na mbili nikazifuta. Nyingi zilihusu programu, na programu itakisia tu kile ulichoiletea. Hii ndiyo iliyobaki.

Leo mchana, zima taa ya sebuleni, mketishe mama yako karibu na mlango ulio wazi, umpige picha tatu.